Kikombe cha Ngozi

Mbulu, shuleni
8 Februari 1976

Mjomba Xavery,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu cha juu bwenini. Ni Jumapili, wenzangu wameshuka sokoni baada ya misa, nami nimebaki, maana unajua sina la kuzungumza na watu njiani. Afya ninayo. Mtihani wa Desemba nilikuwa wa tatu kati ya wasichana thelathini na wanane. Mama hajambo, Bibi hajambo. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa jike.

Mwalimu Thadei, anayetufundisha Siasa, alitupa insha juu ya ukombozi wa Afrika. Niliandika habari zako. Niliandika jinsi ulivyonyoosha mkono kwenye mkutano wa Chama pale Katesh, walipouliza ni fundi gani atajitolea kwenda Msumbiji, ambako ndugu zetu wamepata uhuru juzi tu na kukuta mashine za mashamba zimeharibiwa. Niliandika kwamba kutoka Katesh mpaka Babati hakuna fundi mwingine wa vinyunyizio, na kwamba kwa maji ya kunywa ya watu hujawahi kutoza hata senti. Mwalimu aliisoma insha mbele ya shule nzima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baadaye akaniuliza, "Sasa huko kwenu nani anatengeneza?" Sikumjibu vizuri.

Mjomba, Mama amenitumia barua aliyoandikiwa na karani wa kijiji. Anasema pampu ya kijiji bado iko wazi kwenye meza ya karakana yako pale Endasak, vilevile ulivyoiacha mwezi wa Oktoba. Vinyunyizio vya shamba la ujamaa, vile ambavyo watoto wanaviita mvua ya chuma, vimekauka. Bomba la kunywa nalo limekauka, kwa kuwa pampu ni hiyo moja. Wanawake wanapanda tena mlimani kwenye chemchemi, kule kule tulikohamishwa mwaka wa sabini na nne ili tuje kuishi karibu na maji.

Ulikichukua kile kikombe cha ngozi kilichochakaa, kinachokaa ndani ya pampu na kuvuta maji, ili kiwe mfano, utengenezewe kingine njiani. Ulisema utarudi baada ya miezi mitatu. Huu ni wa nne. Didas, msaidizi wako, hagusi kitu kwa sababu ya ubao wako wa mlangoni. Tafadhali tuambie unarudi lini.

Mpwa wako,
Bernadina


Karibu na Montepuez, Msumbiji
20 Machi 1976

Mwanangu Bernadina,

Marahaba sana. Barua yako ilinifikia jana baada ya kuzunguka ofisi nne, bahasha imechoka kama mimi. Nimefurahi juu ya masomo yako. Wa tatu si haba, lakini hao wawili walio mbele yako wana mikono mingapi? Msalimie mama yako, na Bibi mwambie mwanawe anakula vizuri. Huku ugali wao ni wa muhogo, mweupe kama chokaa. Nimeuzoea.

Nikueleze kazi. Hili ni shamba la mlowezi aliyekimbia. Kabla ya kuondoka alimwaga saruji ndani ya mabomba, akavunja vinyunyizio kwa nyundo, kimoja kimoja. Fikiria mtu anayekaa siku nzima kuvunja kitu ili mwingine asinywe. Tuko mafundi sita, wawili ni Watanzania. Tumekata mabomba, tumegonga saruji kwa patasi, na Januari maji yalitoka. Familia mia moja na arobaini zinalima vitunguu hapa kwa ushirika. Siku yalipotoka, wazee walivua kofia.

Juu ya pampu ya nyumbani, msiwe na wasiwasi. Kikombe ninacho, kiko salama. Mwambie Didas asiguse. Unajua kwa nini niliuandika ule ubao. Nilipokuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu, mimi nilifungua mashine, mwingine akaja kuifunga, akasahau spana ndani. Kibarua mwenzetu Gidahosh alipoiwasha, ikamkata vidole vinne. Tangu siku ile karakana yangu ina sheria moja, na kila anayejifunza humo huiapia: fundi aliyefungua ndiye atakayefunga. Nisipoifuata mimi mwenyewe, nitamfundisha nani?

Wameniomba nikae hadi Juni. Nimekubali. Mvua za masika zitawashika mkono mpaka hapo.

Soma sana.
Mjomba wako,
Xavery


Endasak, nyumbani
25 Aprili 1976

Mjomba,

Shikamoo. Niko nyumbani kwa likizo ya Pasaka. Mama anakohoa kidogo, anasema ni moshi. Bibi anakusalimu, ameninyoa nywele mwenyewe kwa wembe na mkono wake bado hautetemeki. Maharage yameota lakini ni mafupi. Mvua ilinyesha wiki mbili, ikakatika. Kwa hiyo haijatushika mkono, Mjomba.

Jana nilikwenda karakanani. Niliona pampu. Didas ameifunika kwa gunia na kuifunga kamba, kama maiti. Nilikuwa nimejiandaa maneno njiani, lakini nilipofika nikasema tu, "Shikamoo, kaka Didas. Je, huwezi kujaribu?"

Akacheka. "Kujaribu nini, msomi? Kikombe hakipo. Na hata kingekuwepo, mlangoni pameandikwa nini? Wewe si unajua kusoma?"

"Ungekata kingine kwa ngozi."

"Mimi nimekula miaka sita chumbani humu kwa kutii ubao ule. Nikiutia mkono wangu hapo, halafu akirudi akaniuliza, nitamwambia nini? Kwamba mpwa wako aliniambia?"

Mwenyekiti Bura alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, anasubiri baiskeli yake izibwe. Alitusikia. Akasema kwa sauti ili na wapita njia wasikie: "Mwacheni Xavery! Yeye anamwagilia vitunguu vya Msumbiji, sisi tunamwagiliwa hotuba. Mwezi uliopita alikuja bwana wa wilaya, akatumwagilia saa tatu. Nililowa!"

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona aibu, kwa sababu ni wewe aliyekuwa anachekwa.

Nilirudi nyumbani nikakuta Bibi hayupo. Alikuwa amepanda chemchemini. Mama anashinda kwenye shamba la kijiji kutimiza siku zake, na Bibi hataki kupewa maji na majirani. Anasema akianza kuchotewa atakuwa ameanza kufa. Alirudi jua limekwenda, kibuyu kwenye mbeleko mgongoni. Ni saa mbili kupanda na moja na nusu kushuka. Nilimpokea, akaniambia, "Umechelewa, nimeshafika."

Mjomba, nimefikiri. Kile kikombe ni kipande cha ngozi kisichozidi kiganja. Kinaingia kwenye bahasha. Kama huwezi kuja, kitume kwa posta pamoja na ruhusa yako kwa Didas, kwa mkono wako. Mstari mmoja unatosha. Kitabu cha pampu kipo, kile cha Kiingereza nilichokuwa nakusomea, nawe ukinionyesha nati kwa kidole. Nilikichukua Januari ili nikifunike gazeti, kisilowe. Michoro yote imo.

Nakuomba.
Bernadina


Karibu na Montepuez
6 Juni 1976

Mwanangu Bernadina,

Marahaba. Nimepata barua mbili kwa pamoja, yako na ya Chama. Mimi mzima, isipokuwa homa kidogo iliyokwisha. Kikohozi cha mama yako kisichukuliwe kwa mzaha, aende zahanati.

Nakutumia picha. Huyo mwenye kofia ni mimi, na hao ni watoto wa hapa. Yaone maji yanavyoruka nyuma yetu! Vinyunyizio ishirini na vinne, vyote vinazunguka. Pampu yenyewe ni pacha wa ile ya kwetu, kiwanda kimoja, hata rangi. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani naota. Vitunguu vya kwanza vimevunwa, wamepeleka gunia tano hospitali bure. Ndiyo maana ya kujitolea, mwanangu. Uliandika vizuri kwenye insha yako.

Juu ya kutuma kitu kwa posta, hapana. Barua tu zinachukua mwezi na zaidi, kifurushi kitapotea. Nitakileta mwenyewe. Wameongeza muda hadi Septemba, kuna shamba la pili.

Bura mwambie asikae sana kwenye benchi langu, miguu yake ni mibovu. Ya benchi.

Xavery


Endasak
18 Julai 1976

Mjomba,

Shikamoo. Likizo imeisha wiki iliyopita lakini sijarudi shule. Nimeomba ruhusa ya siku chache. Mama hajambo. Bibi yupo, amelala. Anakusalimu.

Picha tumeiona. Mama ameibandika ukutani. Majirani wanakuja kuitazama, wanaondoka. Mama Bura aliweka kidole juu ya yale maji akasema, "Haya yangekuwa ya kweli, ningelamba ukuta."

Mimi nimeitazama sana. Unajua tabia yangu, kitu nikikisoma mara moja nakisoma tena. Nimesoma barua zako zote tangu Machi, nikazipanga kwa tarehe. Machi ulisema kikombe unacho na kiko salama. Ulisema maji yalitoka Januari. Juni ukasema pampu ya huko ni pacha wa ya kwetu, kiwanda kimoja. Nimefungua kitabu cha pampu ukurasa wa kumi na saba. Pampu za kiwanda hicho za ukubwa huo zote zinatumia kikombe cha aina moja.

Huko walimwaga saruji. Ngozi iliyogandishwa na saruji haiponi.

Sitaki kukukosea adabu. Wewe ndiye uliyenilipia sare na sanduku. Lakini nakuuliza swali moja, na nakuomba katika barua yako inayofuata usinisimulie kuhusu vitunguu.

Kikombe chetu kiko wapi?

Bernadina


Karibu na Montepuez
30 Agosti 1976

Bernadina,

Marahaba. Wasalimie wote. Nimeanza barua hii mara nne.

Kiko ndani ya pampu ya hapa. Nilikiweka tarehe tisa Januari.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Dar es Salaam nilikaa siku mbili tu, kiwanda cha ngozi nilichoelekezwa kilikuwa kimefungwa. Nikaja nacho. Hapa tulimaliza mabomba yote, tukafungua pampu, ndani kikombe kilikuwa jiwe. Miche ilikuwa imeshapandwa. Watu walikuwa wamesimama pande zote, na watoto, na mzee mmoja ambaye mlowezi alimpiga hadi akapofuka jicho. Wote wananitazama mikono. Kikombe chetu kilikuwa mfukoni mwangu. Kilikuwa kimechakaa, ndiyo, lakini nilikipaka mafuta, nikakigeuza upande, kikaingia kama kimezaliwa humo. Nikajiambia nitakata kingine wiki hiyo hiyo.

Nimekata kumi na moja. Ngozi ya huku wanaianika juani tu. Inavimba, inapasuka baada ya siku moja. Na kile nikikitoa, vitunguu vinakufa, na miche ya shamba la pili. Kila asubuhi nilisema kesho. Wananiita kwa heshima, mwanangu. Wamempa mtoto jina langu. Ningewaambiaje kwamba kitu kinachowanywesha nimekichukua kutoka kwa watu wengine bila kuwauliza?

Sikumwambia Didas afunge kwa sababu angeniuliza kikombe. Ubao nilijificha nyuma yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nitakuja mwisho wa Oktoba, nikiwa na kikombe au bila. Usimwambie Bibi. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti.

Mjomba wako


Endasak
17 Oktoba 1976

Mjomba Xavery,

Barua yako ya tarehe thelathini Agosti imefika jana. Nitakueleza mambo kwa mpangilio, ndivyo ninavyoweza.

Tarehe ishirini na nane Juni Bibi alianguka akishuka kutoka chemchemini. Kibuyu hakikupasuka. Alipatikana na wachunga mbuzi baadaye sana, amekikumbatia. Nyonga ilivunjika. Hospitali walimtazama wakasema kwa umri wake alale tu nyumbani. Nilipokuandikia Julai kwamba amelala, ndivyo alivyokuwa amelala. Ni yeye aliyenikataza kukwambia. Alisema, "Xavery akija, aje kwa ajili ya maji ya watu. Asije kwa ajili ya mfupa wangu."

Mwezi wa Agosti nikamwambia ninachokifikiria juu ya kikombe. Nilidhani atalia. Aliuliza tu, "Hao wa huko wana kiu?" Nikasema walikuwa nayo. Kisha akasema, "Niletee sketi yangu."

Unaijua. Ile ya ngozi aliyoishona huko Tlawi alipokuwa msichana, amewekwa ndani kwa unyago pamoja na wenzake, yenye shanga za mviringo nyuma na mbele. Ameipaka samli kila mwaka kwa miaka hamsini. Uliyowahi kumwambia auze kwa padre akakurushia mwiko. Aliishika, akaipitisha vidoleni, akasema, "Hii haivimbi. Imelowa mvua za Tlawi zote haikuvimba. Kata."

Nikakataa. Nilisema watu wanazikwa nayo.

"Kata hapa nyuma," akasema. "Nikilala hapataonekana."

Nilipima kwa kitabu. Nilikata duara, shanga nikazitoa moja moja nikampa mkononi. Didas alinichongea kinu kidogo cha mti na mchi wake, tukaikandamiza ngozi humo siku tatu ikiwa na mafuta, mpaka ukingo ukasimama. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo. Lakini tulipofika kwenye pampu alirudi nyuma hadi ukutani, akaficha mikono kwapani. "Mimi hapana," akasema. "Wewe hujawahi kuapa humu. Funga wewe."

Nikafunga. Boliti nane, kwa kupishana kama ulivyonifundisha. Nilihesabu spana zote mara mbili kabla ya kufunika. Nusu ya kijiji ilikuwa mlangoni, na unajua nisivyopenda kutazamwa. Bura hakutania hata kidogo. Aliizungusha injini mwenyewe.

Maji yalitoka tarehe mbili Septemba. Vinyunyizio vilianza kugonga, tak, tak, tak, na Bibi alivisikia kutoka kitandani. Mama alimletea kikombe cha maji ya bomba. Alionja, akasema yana ladha ya samli. Tulicheka wote watatu.

Alifariki tarehe kumi na tatu. Kifua kilijaa, kwa sababu ya kulala mno. Tulimvalisha sketi yake. Alilala chali, na kweli hapakuonekana. Tunajua Mama na mimi, na sasa wewe.

Nimejaribu kukuchukia tangu jana na sijafanikiwa sawasawa, kwa sababu kuna jambo langu pia. Kitabu kile kilikuwa sandukuni mwangu tangu Januari. Vipimo vyote nilikuwa navyo. Sketi ilikuwa juu ya dari siku zote. Nilikuwa nakuandikia barua nzuri na kungoja majibu, kwa sababu mlangoni pameandikwa, nami huamini kila kilichoandikwa. Angeanguka Juni kama ningekata Februari? Mwalimu Thadei aliniuliza nani anatengeneza huko kwetu, na ningeweza kumjibu.

Kile kikombe waachie wenye vitunguu. Usikitoe. Mtoto mwenye jina lako hana kosa.

Wala usilete kingine. Pampu hii ulifungua wewe na nimefunga mimi. Ikiharibika, watanisubiri likizo, au nitamwachia Didas ruhusa kwa maandishi, mstari mmoja. Aliniuliza kama aushushe ubao. Nimemwambia auache pale pale, kwenye usawa wa macho yako, ili ukirudi uusome kabla ya kuingia.

Kesho narudi Mbulu kwa basi la asubuhi. Siku chache nilizoomba zimekuwa miezi mitatu, na nimekosa mitihani miwili.

Naona sikukuamkia mwanzoni mwa barua. Si kwamba nilisahau.

Shikamoo, Mjomba.

Bernadina